Kisanduku cha Saba

Ibra, mwezi wa saba, saa tisa usiku.
Nje lami bado inatoa joto la jana;
ndani tumekaza baridi mpaka wauguzi wanavaa sweta.
Kitanda cha nne: Bi. Shinuna binti Nasib,
miaka sabini na minane, nyonga mpya ya chuma,
mapafu yaliyogoma baada ya upasuaji,
siku tatu chini ya dawa nyeupe kama maziwa
ambayo mimi mwenyewe niliipima,
na mimi mwenyewe nimeifunga.

Sasa anarudi.
Hawarudi mara moja, watu hawa.
Kwanza hurudi kidole, kisha kope,
kisha koo hugombana na mpira wa kupumulia
mpaka tuuchomoe,
na sauti huja mwisho, imekwaruzika,
kama mlango uliofungwa msimu mzima.

Jincy anashika karatasi ya maswali.
Kiarabu chake amejifunzia humu humu wodini,
baina ya sindano na shuka, na kinatosha:
Je, jiwe huelea juu ya maji?
Bi. Shinuna anamtazama. Anajibu, tena kwa kirefu.
Jincy anasubiri, kisha anaandika:
"Maneno hayaeleweki. Amechanganyikiwa."
Alama, kisanduku cha sita.

Nilikuwa narekebisha dripu kitanda cha tano.
Nilisikia nilichokisikia:
"Jiwe halielei, mwanangu. Jiwe lina akili zake, linazama.
Mimi ndimi niliyeelea, siku ngapi sijui.
Na huyu mtoto mwambieni
asiniulize mambo ya darasa la kwanza kabla sijapewa maji."

Kamati ya maadili ilitaka lengo, dhana, sampuli.
Niliandika: wagonjwa wazee, baada ya nusukaputi,
lugha wanayoamka nayo.
Sikuandika: bibi hana wazimu, ana kiu.

Usingizi wa dawa si usingizi.
Ni kufagiwa. Kiarabu cha ofisini, cha pasipoti,
cha miaka hamsini ya sokoni na harusini,
kinaondoka na fagio la kwanza;
kinachobaki sakafuni ni kile kilichomwagika zamani,
jikoni, kabla ya meno.

Miezi kumi na minne. Wagonjwa arobaini na mmoja.
Kumi na tisa faili zilisema wanaweweseka.
Niliketi nao upya, mmoja mmoja, kwa Kiswahili.
Saba walikuwa na akili zao timamu:
walikuwa wanadai miwani, kibla, chai,
mtoto wa mwisho aitwe.
Saba, waliopewa dawa ya kutuliza
kwa kosa la kuzungumza.

Lakini msinipigie makofi.
Mzee Hilal wa Mudhairib aliniambia, kwa Kiswahili safi,
kilichonyooka kuliko changu,
nifunge milango ya duka, mvua ya Tabora inakuja,
sukari italowa.
Nje ilikuwa digrii arobaini na sita.
Tuliifunga, mimi na yeye, mlango baada ya mlango, yote mitano.
Kisha nikatia alama kisanduku cha sita kwa mkono wangu.
Nilimwelewa kila neno, na hakuwepo.

Mhakiki wa jarida akajibu: sampuli ndogo,
jambo lenyewe la kienyeji mno.
Kweli. Ni dogo. Upana wake ni wa mdomo.
Nimeongeza kisanduku kimoja tu, cha saba:
Mgonjwa ameamka na lugha gani?

Jana usiku, simu. Jincy,
ambaye huota kwa Kimalayalam na hukana,
ananong'ona kama mtu aliyeokota kitu:
"Daktari, kitanda cha pili. Amesema *maji*.
Nimempa kijiko kimoja. Akasema *bado*."
Akanyamaza. Nyuma yake mashine ilikuwa inahesabu.
"Hiyo *bado* ni nini? Niiandike wapi?"