Mtetemo

Miaka kumi na tisa Aune Lahtinen alikaa kichwani pa wagonjwa,
kwenye kigoda cha magurudumu, hospitali ya Marquette,
ziwa likiganda nyuma ya ukuta usio na dirisha.
Madaktari walikuwa upande wa tumbo, wa kisu na sifa.
Yeye upande wa pumzi:
mkono mmoja chini ya taya, mwingine ukiminya mpira,
masikio yakifuata mlio wa mashine
kama mama ahesabuye hatua za mwanawe ngazini.

Aliwalaza wachimba chuma, wauza samaki,
mchungaji wa kanisa lake mwenyewe
aliyezama usingizini akitukana kwa Kifini.
Hilo hakumwambia mtu.

Kilichomkosesha usingizi yeye ni kuamka kwao.
Walizinduka wakitetemeka,
meno yakigongana, vyuma vya kitanda vikilia,
na blanketi tatu za moto juu yao.
"Baridi tu hiyo," alisema daktari, akivua glavu.
Aune alipima joto. Haikuwa baridi tu.
Akaandika nyuma ya risiti ya petroli: Kwa nini?

Risiti ile ikamfikisha darasani na miaka arobaini na mitatu,
dawati moja na vijana waliozaliwa mwaka
alioivaa sare mara ya kwanza.
Ikamfikisha kwa panya, nyaya, karatasi za grafu,
usiku wa theluji akipasha supu kwenye jiko la maabara
(ilikatazwa),
makala ikirudishwa, ikirudishwa.
Mara ya tano wakaichapa. Jina wakalikosea.

Sisi tulimkuta ana mvi.
Ubao hakuugusa. Alituamuru tufumbe macho,
kila mmoja ashike kiganja cha jirani pale mshipa unapodunda,
dakika nzima, kimya.
Otto Beaudry akacheka.
Kisha akausikia wa mwenzake, kicheko kikamwisha.
"Haya," Aune akasema, "sasa tuzungumze habari za moyo."

Nilimuuliza siku moja:
wakilala vile, mtu mwenyewe huwa wapi?
Alijipangusa chaki kwenye sketi.
"Sijui. Nimesoma njia ya kurudia tu,
nayo sijaimaliza."

Leo zamu ya usiku ni yangu.
Fundi wa reli, nyonga mpya, kope zinacheza.
Bega limeanza kutikisika.
Naisogeza blanketi, nasoma joto, naandika saa,
na mkono wa pili, ambao hauna kazi,
nauacha begani.