Safu ya Kumi na Moja

Gary, Indiana, Februari. Theluji imegeuka masizi
kando ya barabara iendayo kiwanda cha chuma.
Nimekuja na kompyuta, kadi ya bodi shingoni,
na jedwali la safu kumi na nne.
Shule hii ya mkataba imebakiwa na mwezi:
saini mpya, au kufuli.
Kazi yangu kupima. Sikutumwa kupenda.

Kusoma: asilimia ishirini na tisa wamefikia kiwango.
Hisabati: ishirini na mbili.
Mahudhurio: yalipanda, yakaporomoka Januari,
basi la shule lilipokufa injini,
na mwalimu mkuu, Bi Lucretia Pettway,
akawa anawafuata watoto kwa gari lake mwenyewe,
watano watano, safari sita kabla ya kengele.
Jedwali halina safu ya petroli.

Darasa la tano, dawati la dirishani:
Cortez Whitlow, koti halijavuliwa,
anasoma kwa kidole,
analisukuma kila neno
kama mtu asukumaye gari lililozima mlimani.
Mwaka juzi alikuja akisoma kama mtoto wa darasa la kwanza.
Sasa amelishika la tatu, na nusu ya la nne.
Mfumo unasema: hajafikia.
Ni kweli, hajafikia.
Na yuko mwenzake, ng'ambo ya barabara kuu,
aliyezaliwa hatua moja kutoka kwenye utepe,
akauvuka kwa kunyoosha mguu.
Huyo amefikia. Hajatembea.

Safu ya kumi na moja: Ukuaji.
Uzito wake, robo.
Nani aliamua robo?
Nilikuwemo kikaoni. Tulikuwa na njaa,
na chakula kilikuwa kimeshafika.

Basi moyo ukaanza kuegemea,
vidole vikaanza kutafuta maneno laini,
nikatoka nje kupunga hewa.
Pale kivukoni, fulana ya rangi ya chungwa,
kibao cha SIMAMA mkononi,
Bi Odessa Tolliver akanitazama kadi, kisha uso.

"Usije ukatuhurumia," akasema.
"Mwanangu alisoma shule iliyokuwa pale,
pale penye magugu na uzio.
Walimpenda, sikatai. Walimkumbatia.
Kila Juni cheti, na nyota ya dhahabu juu yake.
Alipojifungua akanipigia simu usiku wa manane
anisomee herufi moja moja za chupa ya dawa:
Mama, hapa wanasema matone mangapi?
Miaka kumi na miwili,
na hakuna aliyethubutu kutuambia.
Andika namba. Iandike kubwa,
aione hata asiye na miwani.
Ila ukishaandika, usikimbie.
Anayempima mgonjwa homa
hazimi taa akaenda zake."

Akainua kibao. Magari yakasimama.
Watoto wakavuka, mmoja akiburuta mkoba
kwenye theluji ile nyeusi.

Usiku, hotelini, kikokotoo kikatoa jibu:
mbili nukta nne, kati ya tano.
Mpaka wa kufunga ni mbili na nusu.
Nikakokotoa tena. Nikakokotoa mara ya tatu,
kwa aibu, kama mtu apapasaye mfuko
anaojua ni mtupu.
Mbili nukta nne.
Sikuigusa.

Chini kabisa kuna kisanduku: Maelezo ya ziada.
Herufi mia mbili na hamsini, nafasi hazihesabiwi.
Nikaandika petroli. Nikaandika robo,
na kwamba robo ile ni yetu, si yao.
Nikaomba mwaka mmoja, na mwalimu wa kusoma,
na mtu wa kurudi Septemba kuangalia.
Mwisho nikaandika: Cortez Whitlow.
Kisanduku kikajaa.

Majina ya watoto hayaruhusiwi.
Nikalifuta, herufi kumi na tatu,
nikabaki naitazama nafasi yake,
mshale ukipepesa, ukipepesa,
kisha nikaijaza, kumi na tatu kamili:
bado anatembea