Kima cha Maweni

Mimi ndimi mwenye daftari hapa Maweni, Kisiwa cha Manda.
Nahesabu mawe. Sikati, sibebi;
sugu yangu iko kwenye kidole cha kalamu.
Mawe ya matumbawe, yanayopanda boti kwenda Shela
kuwa ukuta wa mtu
ajaye wiki mbili kwa mwaka kulala ndani yake.

Jiwe lilikuwa shilingi kumi na tano.
Dumu la maji, kwa kuwa hapa hatuna kisima kitamu, thelathini.
Fanya hesabu: mawe mawili ya kwanza ya asubuhi
ni maji tu. Hujagusa unga.

Jumamosi tajiri akaja na kiti chake cha kukunja.
Boti ya alfajiri ilikuwa imeshusha watu kumi na mmoja:
wapishi wawili wa hoteli iliyofungwa,
mmoja na cheti cha umeme ndani ya mfuko wa nailoni,
wengine na mikono tu.
"Nani kwa kumi na tatu?"

Minada nimeiona, ya mbuzi, ya kitanda cha marehemu.
Bei hupanda. Huu ulishuka ngazi.
Kumi na mbili, akasema mwenye cheti.
Kumi, akasema Kitsao, macho chini;
ana mtoto wa miezi minne kule Witu.
Tisa, akasema mtu ambaye uso wake sikuuona,
na tajiri akanigeukia: Andika.

Niliandika.
Kalamu haikukwama.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi,
haikukwama hata kidogo.

Akumu, mvunja kokoto, akauliza kwa sauti:
"Na kima cha chini je? Si kuna sheria?"
Tajiri akacheka. "Kima nimjuaye mimi yuko juu ya mti.
Tena sheria yahesabu siku, mimi nahesabu mawe.
Nikilipa zaidi nafunga shimo. Mtakula nini?"
Watu wakacheka naye,
kicheko cha mtu anayedaiwa.

Sheria ninayo. Iko ofisini, ina muhuri,
imefunika bakuli la sukari, sisimizi wasiingie.

Jumatatu Oduol alikuwa shimoni, futi ishirini,
sauti ya msumeno ikabadilika.
Akaweka kiganja: unyevu. Akaonja: chumvi.
Akapaza sauti, "Maji! Hapa basi!"
Kila mkataji anajua. Ukifika maji, unaacha.
Jiwe la chini ya hapo limekunywa bahari;
ukilijengea, ukuta hulia chumvi mpaka lipu ing'oke.
Tajiri hakubisha. Hakusema atafunga shimo.
Alihamisha kamba hatua kumi, kazi ikaanza upya.

Basi jiwe lina kima chake cha chini
na hakimu wake ni bahari.

Usiku ule mtu, sijui nani,
aliandika kwa mkaa kwenye bati la ofisi:

     Mwenye njaa akishuka, mwenzi wake afuata,
     Ngazi isiyokatika, chini nani atakita?
     Shilingi ikiondoka, ni mfupa inakata,
     Shimo lina pa kufika, binadamu hajapata.

Niliambiwa nifute. Nilisema sabuni imekwisha.

Jumamosi iliyofuata, kabla jua halijachoma,
mdomoni mwa shimo kulikuwa na mawe, yamepangwa mstari.
Nikayahesabu, ndiyo kazi yangu: kumi na manne.
Wakataji wamekaa upande huu,
wa zamani na wa boti, misumeno magotini,
hakuna anayemtazama mwenzake.
Kiti cha tajiri kikafunguka, miguu yake ikalia kwenye kokoto.
"Nani kwa nane?"

Kitsao akainuka.
Akaenda hadi kwenye mstari, akainama.
Nilidhani anajiandaa kuruka.

Aliweka la kumi na tano.

Nikaliandika.