Mosi Julai

Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa leo.
Aliyeandika ni karani wa kata, kijana mwenye mafua,
aliniuliza tarehe nikamjibu kwa maneno ya mama:
wakati wa kung'oa viazi, mwaka tuliohamishwa,
nyumba haijaezekwa.
Akapenga kamasi, akaandika: 1 Julai 1974.
"Nyie wa viazi wote ni hiyo hiyo," akasema,
tukacheka foleni nzima.
Kwa hiyo leo Uwemba tunatimiza hamsini kwa mkupuo:
mimi, Desderia wa mashine ya kusaga,
na Kolumba fundi baiskeli, anayenizidi miaka saba
na anajua.

Saa tisa usiku nimeamka nimelowa.
Si homa. Ni lile joto, linapanda kutoka tumboni
kama maziwa jikoni, ukigeuka tu yamefurika.
Nimetoka uani na kanga moja.
Sakitu imelala juu ya kabeji,
Njombe yote imejikunyata chini ya mablanketi mawili mawili,
na mimi nafuka mvuke
kama maksai aliyetoka kulima.
Nesi wa zahanati aliniambia, "Ni umri, mama,"
akatazama saa ya ukutani.
Ni umri. Kana kwamba umri ni mgeni
aliyeshuka na basi la Makambako,
atalala siku mbili, atachinjiwa kuku, ataondoka.

Mwaka niliomzaa Wilgard nilipanda misindano mia mbili
kule mteremkoni kusikofaa mahindi.
Nikasema: hii ndiyo ada.
Ada ilitangulia, miti ikachelewa, tukauza ng'ombe.
Mwaka jana wamekuja na msumeno wa moto,
wamemaliza asubuhi moja.
Nilichuchumaa kwenye kisiki kimoja, utomvu bado unatoka,
nikahesabu pete kwa ukucha: ishirini na tatu.
Moja ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea.
Nikarudi nyuma kwa vidole mpaka nikaujua mwaka:
mvua ilikataa, na dada yangu Oresta
alirudishwa kutoka mjini amefungwa kwenye shuka
na sisi tukasema ni kifua.
Mti ulijua.
Mti haukusema kifua.

Mimi pete zangu wataona wapi?
Ile ya ndoa niliivua vidole vilipoanza kuvimba.
Iko kwenye kopo la chumvi. Ditriki hajauliza.
Labda magotini, ngazi za kanisa zinayafahamu.
Labda hapa, chini ya kitovu, ngozi ilipokunjwa mara nne
ikakunjuliwa mara tatu.

Asubuhi simu imelia. Nimeinyoosha mbele yangu,
mbali, mbali zaidi, mkono umekuwa mfupi
kwa kusomea. Wilgard:
*Heri ya kuzaliwa mama. Nimetuma kidogo, ununue keki.*
Keki! Nimenunua miche ishirini ya parachichi,
miaka mitatu, wanasema, na unachuma.
Nikiwa nalipa, mkono umenyooka wenyewe
ukachukua na msindano mmoja.
Kijana wa kitalu amenitazama usoni,
akapiga hesabu, akanyamaza. Ana adabu.

Jioni nimemwambia mama. Anapukuchua maharage,
hakuinua macho.
"Hamsini? Nani kakudanganya?"
"Serikali."
"Viazi vya pili vile. Mipichi ilikuwa imetoa maua,
nililala nayatazama mlangoni, hapakuwa na mlango."

Nimetoka kuangalia.
Mipichi mikavu, matawi kama kuni.
Nimebana jicho, nimeshika kitawi, nimekisogeza mbali kama simu:
hakuna kitu. Au kuna uvimbe mdogo,
kama wa chunusi, sina hakika, giza limeingia.

Basi bado.
Nina mwezi, au mwezi na ushei,
ambao karani hakuuona.
Joto linakuja tena, nalisikia liko mbavuni.
Acha lije. Miche haijapandwa
na ardhi huku ni baridi.