Soli ya Kushoto

Miaka thelathini na mmoja nasoma soli
hapa Burma, mkabala na wauza nyama.
Nipe kiatu tu, jina kaa nalo:
huyu husimama kutwa, uzito wote visiginoni,
huyu ana haraka ya kwenda, hana haraka ya kurudi,
huyu mguu mmoja unamdanganya mwenzake.

Yangu sikuisoma.
Mganga hajigangi.

Miaka miwili nililisugua goti
kwa mafuta ya kijani, harufu hadi kibanda cha tatu.
Syokau wa mboga alisema ni baridi yabisi,
vaa sweta, Julai itapita.
Julai zikapita mbili.
Ikafika asubuhi nikamwita Ombima, mwanangu,
aniinamie, anifungie kamba za viatu.
Mimi!

Daktari Nanjala wa Mbagathi, umri wa kitinda mimba wangu,
alinilaza chali, akaukunja mguu,
akauzungusha ndani kidogo, kidogo tu,
nikamtaja marehemu mama.
"Goti halina kosa, mzee. Ni nyonga.
Maumivu yanazaliwa hapa kinenani,
yanakwenda kupanga gotini."

Akainua picha kwenye mwanga.
Kulia: mwanya mwembamba
kati ya kichwa cha paja na kikombe chake.
Kushoto: mfupa umelalia mfupa.
"Gegedu limelika."
Nikasema, hapo tumeelewana, binti.
Soli imeisha, sasa ni msumari na lami.
Basi tia mpya.

Akacheka, bila dharau.
Gegedu haliuzwi hata Gikomba.
Kuna vidonge, baada ya chakula, wala si kila siku:
figo hazisahau.
Kuna kulala ubavu na kuinua mguu, mara kumi, ukihema.
Kuna kilo sita za kuaga.
Na fimbo, mkono wa kulia.

Nikabisha. Mbovu ni wa kushoto!
"Jaribu."
Hatua tano hadi mlangoni,
na mwili ukagawana mzigo
kama wanaume sita chini ya jeneza moja.

Ya chuma itakuja, foleni ikifika.
Huyo fundi nitamuuliza gundi yake.

Jana, baada ya kufunga, nilikivua cha kushoto,
nikakipakata kama cha mteja.
Ukingo wa nje umelika hadi uzi.
Yote yalikuwa humo, kwa mwandiko wangu.
Nikakata raba, robo inchi,
nikapiga misumari minne, polepole.

Bei sikujitajia.
Nilijikopesha.