Pointi Nne

Mlango ulifungwa saa nne na dakika kumi.
Nje, ukumbini, baba yake kavaa suti ya kuazima,
mama kaficha taji la majani kwenye mfuko wa nailoni,
kama mtu aliyeleta chakula wodini.

Ndani tulikuwa saba.
Mmoja aliitazama saa yake:
treni ya Bolonya haimngoji profesa.

Mirca Zagatti alikuja na mia na moja, jasho la miaka mitano.
Sisi tungeweza kumwongezea mpaka nane.
Tasnifu ilikuwa mezani, nzito kama tofali:
mikunga wa Comacchio,
wanaotoka kinamasini usiku wa dhoruba
kwenda kuzaa mbali, pasipo jicho la mtu.

"Nani ameisoma yote?"
Swali hilo haliulizwi,
kama mgeni asivyoulizwa ataondoka lini.

Rambaldi, msimamizi wake, akasema sita.
Mtu wa takwimu akasema mbili:
jedwali la tisa lina kasoro.
Na kweli lilikuwa nayo.
Ila mimi nilikuwa nimefika ukurasa wa sabini na tatu,
tanbihi ya chini, herufi ndogo kama chawa:
*Novemba kumi na moja sikuhesabu.
Maji yalijaa, nikaogopa.*

Miaka ishirini na sita nasahihisha.
Nimeona namba zilizopikwa zikaiva, zikapakuliwa na pilipili.
Sijapata kuona mtu
akiiacha hofu yake wazi, pale pale penye pengo.

Nilitaka kusema nane.
Nikasema nne.

Kwa nini nne?
Kwa sababu iko katikati ya mbili na sita.
Kwa sababu Jumatano tulimpa mtu saba, na manung'uniko yalikuwa hayajapoa.
Kwa sababu nilikuwa na njaa.

Dakika sita, mlango ukafunguliwa.
"Mia na tano," nikamwambia baba. "Ni nzuri?" akauliza.
"Nzuri sana." Akaiandika kwenye kiganja
kwa kalamu niliyomwazima,
wala hakuirudisha.

Juzi nimemkuta Mirca kwenye lango la maji,
buti mpaka mapajani, tope mpaka shingoni.
Hakuna, alisema, aliyewahi kumuuliza alama zake,
isipokuwa fomu moja ya serikali:
*mia na tano au zaidi, ongeza pointi.*
Kwa pointi hiyo alimpita mwenzake, akapata kazi.
Akacheka. Nami nikacheka,
kicheko kikanikwama kama mwiba wa samaki.

Maana yupo mahali fulani
mwenye mia na nne.
Simjui jina, simjui sura,
wala sijui ni nani aliyekuwa na haraka ya treni siku yake.

Leo nina tasnifu kumi na moja mezani.
Nimekula kwanza.