Kiwiko

Miaka tisa kiwiko changu kilishika zamu ya usiku:
pumzi ikimkatika Wamimbi, kinamsukuma ubavuni,
anashtuka, anakoroma,
nami naanza tena moja, mbili, tatu.

Leo barakoa imemkaa puani, mkanda kisogoni,
bomba limelala juu ya mto kama mkonga.
"Nafanana na nani?"
Sikumjibu. Nilicheka hadi chandarua kikatikisika.

Kisha hewa: fyuu, fyuu, bila kukatika.
Mvua ya Mbale ikapiga mabati, ikaenda zake.
Naye amelala. Kweli amelala,
mdomo umefumba kama wa mtoto aliyeshiba.
Mimi niko macho. Nihesabu nini sasa?

Saa tisa umeme ukakatika.
Kiwiko kikaamka kabla yangu.